Banjul, Gambia: mji mkuu unaopitwa na wageni wake (uzi kwa anayetaka kwenda)

#1 MeruKaskazini

Wakuu, salaam.

Mei 2025 nilikuwa Gambia siku kumi na tisa. Safari ilikuwa ya kikazi. Niko kwenye taasisi ndogo ya msaada wa kisheria hapa Arusha, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul tangu 1989, ilikuwa na kikao. Kabla ya kuondoka nilitafuta maelezo ya mji ule kwa Kiswahili nikaambulia patupu, kwa hiyo naandika mwenyewe. Mwenye swali aulize, nitajibu kadiri nilivyoona kwa macho yangu.

Kuna jambo lazima nilitangulize. Wenzangu wengi tuliokuwa nao walikaa wiki mbili nzima bila kukanyaga Banjul. Hoteli ziko Kololi, ukumbi mkubwa wa mikutano uko Bijilo, uwanja wa ndege uko Yundum, na kote huko ni bara. Banjul yenyewe ni kisiwa mdomoni mwa mto Gambia, kimeshikamana na bara kwa daraja moja tu, la Denton. Basi mtu anapiga picha kwenye mchanga wa Kololi, anaandika "niko Banjul", siku zikiisha anapanda ndege. Hili liliniuma, maana katika siku zangu zote kule, zilizonikaa moyoni ni zile nne nilizozunguka kisiwani kwa miguu.

Ni mji mdogo kweli. Sensa ya 2013 ilihesabu watu elfu thelathini na moja na ushee. Kata nyingi za Dar zinaushinda. Mchana unajaa wafanyakazi na wachuuzi kutoka Serekunda, ambako ndiko watu wengi wanakoishi. Jioni wote wanavuka daraja kurudi makwao, na ikifika saa moja usiku unasikia redio ya nyumba ya tatu kutoka ulipo.

Naendelea na jinsi nilivyofika.

#2 MeruKaskazini

Nilitoka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, hadi Addis, Addis hadi Dakar, kisha nikashika barabara. Ningeweza kutafuta ndege ya kunifikisha Gambia moja kwa moja, lakini nilikuwa na siku tatu mkononi kabla ya kikao na nilitaka kuingia Banjul kwa maji.

Dakar unakwenda stendi ya Baux Maraîchers, Pikine, unatafuta sept-place, yale magari ya kifamilia ya zamani yanayobeba abiria saba. Gari haliondoki mpaka lijae. Tuliondoka alfajiri, tukapita Kaolack penye chungu za chumvi, tukafika Karang mpakani. Ng'ambo ya pili ni Amdallai, upande wa Gambia. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, kisiwe ndani ya begi lililofungwa juu ya gari.

Mpakani nilifanya kosa. Kijana mmoja alinibadilishia faranga za CFA kuwa dalasi, nikapokea bunda nene la noti zilizochakaa nikalitia mfukoni haraka kwa sababu gari la kwenda Barra lilikuwa linaita. Nilipohesabu njiani zilipungua dalasi 400. Wakati ule dola moja ilikuwa kama dalasi 70, kwa hiyo hasara haikuwa ya kuniua, ila ilinisononesha siku nzima. Hesabu noti zote palepale, gari liondoke likitaka.

Barra ndipo palipo na feri. Ukifika pale unauona mji ng'ambo, mstari mwembamba juu ya maji, na minara ya msikiti mkuu imesimama juu yake.

#3 Kongowea88

Mkuu, hiyo feri inalingana na yetu ya Likoni ama ni zaidi? Na usalama je? Nataka kujua kabla sijamwambia mke wangu.

#4 MeruKaskazini

Likoni unavuka ukiwa bado unaongea na uliyemuacha upande wa pili. Huku ni kama kilomita tano za mdomo wa mto unaokutana na Atlantiki. Injini zikiwa na afya ni chini ya saa moja, zikiumwa mnakaa. Sisi tulisubiri Barra karibu saa mbili kabla ya kupanda.

Zilikuwa zimebaki wiki chache kufika Idi ya kuchinja, ambayo kule wanaiita Tobaski, na feri ilijaa kondoo madume. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa na kondoo mweupe mwenye pembe zilizopinda mara mbili. Kila mara upepo ukirusha maji, alitoa leso mfukoni akamfuta yule kondoo macho, kwanza la kulia, kisha la kushoto, halafu akakunja leso vizuri akairudisha. Alifanya hivyo mpaka tukatia nanga.

Kuna mitumbwi mikubwa ya mbao pia, inavusha watu. Vijana wanakubeba mabegani kukupandisha ili usilowe, unawalipa. Mimi sikupanda, na wewe mwenye mke anayekusubiri, nakushauri ungoje feri.

#5 MkaziwaDakar

Naishi Dakar mwaka wa sita sasa. Maelezo ya njia ni sahihi. Niongeze kwamba tangu Januari 2019 kuna daraja la Senegambia kule Farafenni, kwa hiyo mwenye gari lake au anayeogopa maji anaweza kuvukia huko, ila ni mbali ndani ya nchi. Anayekwenda Banjul mjini, Barra ndiyo njia yake.

Na upande wa Senegali mjue Kifaransa kidogo au Kiwolofu. Ukivuka tu mpaka, Kiingereza kinafanya kazi.

#6 BintiMkunazini

Ahsante kaka kwa uzi. Mimi nataka mji wenyewe sasa. Nyumba zake zikoje? Watu wanakula nini? Wanawake wanavaaje? Usituruke.

#7 MeruKaskazini

Sitawaruka, dada.

Mji ulianzishwa na Waingereza mwaka 1816, wakauita Bathurst kwa jina la waziri wao wa makoloni. Kapteni Alexander Grant aliletwa kujenga ngome ya kudhibiti mto na kuzuia meli za watumwa. Jina la Banjul lilirudi rasmi 1973. Wanasema linatokana na neno la Kimandinka la nyuzi za kusokotea kamba, ambazo watu walikuja kuzikata kisiwani.

Barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, hivyo hupotei. Nyumba zilizonishika macho ni za aina mbili. Ziko za mbao, ghorofa moja na baraza juu, zilizojengwa na Waaku, watu wa asili ya Krio waliotoka Freetown. Ziko na za krinting: wanasuka mianzi iliyopasuliwa kama jamvi kubwa, wanasimamisha, wanakandika udongo, kisha chokaa. Nyingi zimechoka. Nilipita mtaa mmoja kona ya ukuta imebanduka, ule msuko ukawa nje, nami nikakumbuka nyumba za miti na udongo za kwa bibi. Fundi wa kule na wa kwetu wangeelewana bila mkalimani.

Upande wa bandari kuna mtaa unaitwa Half-Die. Mzee aliyenionyesha aliniambia maana yake: nusu walikufa. Ni kipindupindu cha 1869. Watu wanaishi pale, watoto wanacheza mpira, na jina limebaki hivyo hivyo. Kisiwa chote kiko chini, kimezungukwa na mikoko na maji. Ukitembea pale baada ya kulisikia jina hilo unaangalia mitaro kwa jicho lingine.

Chakula. Benachin maana yake ni "chungu kimoja": wali unapikwa ndani ya mchuzi wa samaki, nyanya na mboga mpaka unakunywa kila kitu. Mtu wa pilau ataelewa mara moja, ila viungo ni tofauti. Wanatia yeet, konokono wa baharini aliyechachushwa, na harufu yake inakufikia Soko la Albert kabla hujaona meza. Domoda ni mchuzi mzito wa karanga. Mnakaa kuzunguka bakuli moja kubwa, kila mtu anakula mbele yake, na mama mwenye nyumba anamega samaki kwa vidole anasukuma vipande upande wa mgeni. Siku ya kwanza sikujua, nikadhani vinanijia kwa bahati. Nilipogundua kwamba yeye mwenyewe hajala hata kipande, nilishindwa kumeza kwa muda.

Mavazi: wanawake wanapendeza, vitambaa vizito vyenye kung'aa, kilemba kirefu. Ijumaa mchana mji mzima umevaa.

#8 Wakili_Mchanga

Mkuu, kuhusu "Mkataba wa Banjul" tunaousoma chuoni. Ni kwa sababu ya Tume kuwa pale au?

#9 MeruKaskazini

Jina limetangulia Tume. Rasimu ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ilikamilishwa katika vikao vya mawaziri vilivyofanyika Banjul, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Wakuu wa nchi waliupitisha Nairobi, Juni 1981, ukaanza kutumika 21 Oktoba 1986. Baadaye Tume ikawekwa Banjul na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaja kwetu Arusha. Ni mnyororo mmoja, ncha moja iko mdomoni mwa mto Gambia na nyingine chini ya Meru.

Na watu wamepita kwenye mnyororo huo. Hassan Bubacar Jallow, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Gambia 2017, alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda hapa Arusha kuanzia 2003. Fatou Bensouda, mzaliwa wa Banjul, alifanya kazi mahakama hiyohiyo kabla ya kwenda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague.

Kuna jambo linanikereketa na nitalisema. Novemba 2019 nchi yetu, mwenyeji wa Mahakama, iliondoa tamko linalomruhusu mwananchi au asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika. Miezi michache baadaye, 2020, Gambia ikaweka tamko lake. Nchi iliyokuwa imetoka juzi tu kwenye miaka 22 ya utawala wa Yahya Jammeh, yenye watu waliopotezwa na waandishi waliouawa, ikafungua mlango tuliokuwa tunaufunga. Mwenzangu mmoja wa kule aliniuliza kwa upole, "Ninyi mna Mahakama nyumbani, kwa nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ukiingia mjini kwa barabara utaona Arch 22, lango la mita 35 lililoinuka juu ya barabara kuu. Jammeh alilijenga kuadhimisha mapinduzi yake ya 22 Julai 1994, mchoraji akiwa Pierre Goudiaby Atepa wa Senegali. Niliambiwa zamani aliyeruhusiwa kupita chini yake kwa gari ni rais peke yake. Wengine walizunguka. Mimi nilipita chini kwa miguu, nikarudi, nikapita tena.

#10 Kongowea88

Hapo umenigusa, kaka. Sasa turudi kwa usafiri wa ndani. Na wale vijana wanaoganda kwa wageni, wapo kama huku pwani?

#11 MeruKaskazini

Wapo, lakini kwenye fukwe za hoteli, Kololi na Kotu. Mjini hakuna aliyenisumbua. Tena sura zetu hazina tofauti na za kwao, kwa hiyo wanakuanza kwa Kiwolofu.

Basi dogo linaitwa gelegele. Teksi ni za njano zenye mstari wa kijani, mnachangia kwa njia maalumu kwa nauli ndogo. Ukisema unataka peke yako, bei inapanda mara nyingi, mkubaliane kabla hujafunga mlango. Zile za kijani kitupu ni za watalii na bei yake ni ya watalii.

Picha: usipige Ikulu, askari wala bandari. Uliza kabla ya kupiga mtu.

Salamu ndiyo kitu cha kwanza. Ukikimbilia swali lako bila kusalimia, unajibiwa kwa ubaridi, na wana haki. "Salaam aleikum" kwanza. "Nanga def?" ni habari yako kwa Kiwolofu, "jërëjëf" ni ahsante. Kwa Kimandinka ahsante ni "abaraka", na hiyo mtu wa pwani haimpi tabu. Kisha utaulizwa jina la ukoo, maana kwa jina hilo wanajua wakuweke wapi. Mimi nilipewa la Jallow siku ya pili.

Na hapa ndipo nilipojisikia nyumbani kabisa. Kwenye gelegele la kwenda Serekunda mama mmoja aliingia na gunia la mchele, dereva akageuka, akamwangalia, akaanza kumtukana kwamba yeye na ukoo wake ni walafi na wali wote wa Gambia umeishia tumboni mwao. Nilishtuka. Mama akamjibu kwamba mtumwa wake haruhusiwi kuongea bila ruhusa, na nauli halipi. Gari zima likaangua kicheko, na kweli nauli hakudaiwa. Jirani yangu akanieleza: mama ni Mjola, dereva ni Mserer, ni watani. Kimandinka wanaita sanawuya. Nikamwambia kwetu ni utani hivyo hivyo, Mngoni na wenzake, mpaka msibani. Hakuamini mpaka nikamtolea mifano mitatu.

#12 MkaziwaDakar

Ni kweli tupu. Senegali pia Wajola na Waserer hawaachani. Mkuu, ulifika kisiwa cha Kunta Kinteh, kile cha biashara ya utumwa?

#13 MeruKaskazini

Nilifika, kwa boti kutoka Albreda. Kiko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2003. Ni kidogo kuliko nilivyodhani, maji yanazidi kukila, na magofu ya ngome yamebanwa na mibuyu. Sitaandika mengi. Nilikaa kimya pale na bado sina maneno yake.

Ila msikose daraja la Denton. Wakati wa maji kupwa akina mama wanaingia kwenye mikoko kwa mitumbwi kukata chaza walioshika mizizi. Wana chama chao, TRY, ambacho mwaka 2012 serikali ilikikabidhi haki ya kusimamia uvunaji. Sehemu kubwa ya mwaka wanaacha chaza wakue, wanavuna kuanzia Machi hadi Juni, kwa hiyo Mei niliwakuta kazini. Mama niliyemkuta ana soksi nzito miguuni na glovu za mpira zilizochanika vidole viwili, kwa sababu magamba yanakata kama wembe. Chaza wanachemshwa, wanakaushwa kwa moshi, wanauzwa kwa kikombe. Magamba yanarundikwa, yanachomwa, yanakuwa chokaa.

#14 BintiMkunazini

Subhanallah. Chokaa kama yetu ya matumbawe. Kaka, na ubuyu je? Nimesikia huko wanaunywa.

#15 MeruKaskazini

Wanaunywa, na sikiliza hili. Senegali na Gambia Wawolofu wanaita tunda hilo "buy". Nilikuwa Soko la Albert, mama anauza unga wake kwenye beseni. Akasema "buy", nikasema "ubuyu". Akarudia, nikarudia. Akamwita jirani yake aje asikie mgeni anavyotamka. Sijui kama maneno hayo yana undugu, wataalamu watuambie, lakini pale mezani yalikuwa na undugu. Wanaloweka, wanachuja, wanatia sukari na mara nyingine maziwa, wanagandisha kwenye vifuko. Mweupe, si mwekundu kama wenu wa Unguja. Rozela nayo ipo, wanaita wonjo.

Nimalizie na ataya, chai yao, maana bila hiyo sijasema Banjul. Jirani na nilipolala kulikuwa na duka dogo la Mfula mmoja mwenye asili ya Guinea. Kila alasiri alitoa jiko dogo la makaa, birika la bluu na glasi mbili ndogo. Majani ya kijani ya China, maji, yanachemka mpaka yanakuwa kama wino. Kisha anamimina kutoka glasi hadi glasi, juu kabisa, mara thelathini, arobaini, mpaka povu lijae nusu. Duru ya kwanza chungu, unakunja uso. Majani yaleyale, sukari zaidi, duru ya pili. Na ya tatu, tamu. Saa moja na nusu imekwenda na hakuna aliyelalamika. Glasi ni mbili tu, mnapokezana, kwa hiyo hakuna anayeweza kunywa akaondoka zake.

Aliniuliza kwetu tunakunywa nini. Nikamweleza kahawa, mlima, tangawizi, wazee na draft barazani. Akasema wao wanayo kahawa ya Touba yenye viungo, lakini ya Kilimanjaro ameisikia kwa jina tu. Nikamwahidi nitamletea.

#16 Kongowea88

Kaka, nimeshaongea na mke wangu. Tunakwenda pamoja mwezi wa tatu, inshallah, na amesema yeye ndiye atakayehesabu dalasi mpakani.

#17 MeruKaskazini

Mke mwema huyo. Laleni angalau usiku mbili kisiwani, na msivuke kurudi bara kabla ya maghrib.

Nakuomba jambo moja, ndugu yangu. Nitaiweka kahawa kwenye basi la Mombasa wiki moja kabla hamjaondoka, pakiti mbili, iliyokaangwa na kusagwa. Nitakuandikia faragha jinsi ya kulipata lile duka. Mwambie imetoka kwa Jallow wa Arusha. Kaeni mpaka duru ya tatu.